Mama Elinipa na Sakafu ya Kanisa

Nyoosheni migongo kidogo, washarika. Hapo hapo mlipoketi. Na wewe wa nyuma kabisa uliyeegemea nguzo, nawe pia. Mmeweza? Haya. Hicho mlichokifanya sasa hivi bila hata kufikiri, kuna mama mmoja alikuwa akikiamkia kila asubuhi kama mtu anayeamkia shamba. Nataka niwape habari zake kabla hatujasogea kwenye meza ya Bwana. Ni mfano tu, kwa hiyo msianze kutazamana mkitafuta ni nani.

Tumwite Mama Elinipa. Alikaa katika usharika mmoja wa milimani, kule ambako mvua ikianza hainyeshi kwa zamu, na njia zote zinageuka utelezi. Mjane, watoto wote mbali, na mwili wake umejaa wageni wasioaga. Kwanza ilikuja baridi yabisi ikamkunja vidole. Akapewa dawa za kutuliza viungo, akazimeza miaka na miaka. Ikaja presha. Ikaja sukari. Na zile dawa za viungo, huku zinatuliza, chini kwa chini zilikuwa zinaila mifupa. Siku moja aliinua ndoo ya maji, ndoo ile ile aliyoizoea, akasikia kitu kimelia mgongoni. Hospitali wakapiga picha. Daktari akamwambia, "Mama, mifupa yako imekuwa na matundu kama mkate. Pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea."

"Basi nimekuwa chakula cha asubuhi," akasema Mama Elinipa.

Ndivyo alivyokuwa, mnaona. Daktari alitaka kucheka akajizuia. Akampa dawa nyingine, akamkataza kuinama na kubeba vizito, halafu akamwambia neno ambalo Mama Elinipa hakulisahau: "Lakini usije ukajilaza. Tembea. Ota jua. Mifupa isiyotumika inazidi kwisha. Kitanda kitakumaliza kabla ya sukari."

Akarudi nyumbani akajipanga. Sufuria zikapanda kwenye meza, asiziinamie. Mikeka ikaondoka sakafuni, isimkwaze. Kutoka mlango wa jiko hadi chooni akafungiwa kamba ya kushika, na fimbo ikawa mume wa pili. Alikuwa amefupika hata magauni yanafagia vumbi, basi akaketi akayapandisha mapindo moja baada ya jingine, huku akiimba. Maana mama huyu alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili, tangu usichana wake. Jumapili kengele ya kwanza ikilia, wakati ninyi wengine bado mnatafuta kiatu kimoja, yeye alikuwa ameshaanza safari. Pole pole, mgongo wima, jua likimpiga usoni. Alifika mchovu, lakini alifika. Mle kwayani ndimo alimojiona bado ni mtu, si mgonjwa. Kila kitu kingine maradhi yalikuwa yameshachukua kipande chake. Wimbo yalikuwa hayajaugusa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Ikaja Jumapili moja ya mvua. Watu wameingia na matope, na sakafu ya kanisa mnaijua, ya saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Kwaya inasogea mbele huku inaimba, Mama Elinipa akateleza. Hakuanguka kwa kishindo. Miguu ilimtoka tu, fimbo ikaenda zake, akajikuta amekaa chini ya ngazi ya madhabahu. Lakini alikuwa ameshajifunza. Hakukurupuka. Akajikagua: kiuno kipo, mgongo upo, mikono yote miwili inainuka, vidole vinacheza. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Alichotaka ni mtu mmoja amsogezee kiti, ashike, apige magoti, ainuke mwenyewe.

Je, sisi tunamwachaje mtu mzima akae chini mbele ya kanisa zima? Hatumwachi! Kwetu mtu mzima akianguka hadharani ni aibu, na aibu inaondolewa haraka kabla wengi hawajaona. Hatuulizi, tunaruka. Na aliyeruka wa kwanza alikuwa rafiki yake wa kufa na kupona, Mama Naetwe. Mwanamke wa nguvu, mkata majani ya ng'ombe, mikono kama ya fundi wa mbao.

"Inuka, dada, inuka!" akanong'ona. "Watu wanatazama!" Akamkamata mkono mmoja, akavuta.

Mkono ukalia. Kwaya ilikuwa inaimba, hakuna aliyesikia isipokuwa mwenye mkono. Mama Elinipa akaona giza.

Hospitali wakakuta mfupa wa juu ya kiwiko umevunjika. Daktari akaitazama picha, akamtazama mama. "Uliangukia mkono?" "Hapana." "Ulivutwa?" Mama Elinipa akageuka akatazama mlangoni. Pale mlangoni alikuwa amesimama Mama Naetwe na chupa ya uji, macho mekundu, anamwambia kila anayepita, "Laiti ningemuwahi kabla hajaanguka! Sakafu ile imemvunja dada yangu."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mama Elinipa aliumeza ukweli. Akamwambia daktari, "Tuseme nimeanguka, mwanangu."

Mkono ukatundikwa shingoni kwa kitambaa, na Mama Naetwe akahamia kwake. Alimwogesha. Alimpikia. Alimkumbusha vidonge vya presha na vya sukari, akamsuka nywele. Alimpenda kwa mikono yote miwili, na kila alipomtazama ule mkono aliilaani sakafu. Mama Elinipa akazidi kunyamaza. Mtu anayekupenda hivyo utamwambiaje kwamba ni yeye?

Siku zikapita, mfupa ukaunga. Pasaka ilikuwa inakaribia, na kutoka kanisani upepo ulimletea sauti za kwaya ikifanya mazoezi. Aliwasikia wakikosea sauti ya pili, akawa anaisahihisha peke yake jikoni. Akaanza kutembea uani, kisha hadi barabarani. Jumapili hii ninakwenda, akajiambia.

Jumamosi mchana wakaja wageni. Mzee wa kanisa mbele, mwenyekiti wa kina mama nyuma yake, na Mama Naetwe mwishoni, amejitwika godoro. Godoro jipya, nene, bado lina karatasi yake. Wakaliweka kitandani, wakaomba, wakakaa.

"Mama yetu," mzee wa kanisa akaanza, "usharika umekaa ukakufikiria. Tumeona usihangaike tena na kanisani. Chakula cha Bwana tutakuletea hapa hapa. Kwaya nayo imekupumzisha kwa heshima zote. Wewe jilaze. Umeshafanya kazi ya Mungu ya kutosha."

"Na Jumatano tutakuja kukuimbia," mwenyekiti akaongeza.

Mama Elinipa alilitazama lile godoro. Lilikuwa zuri kweli, na lilikuwa limenunuliwa kwa upendo mtupu. Akaona kwamba wamemletea kaburi lake likiwa na shuka mpya. Kumbukeni maneno ya daktari. Akilala pale hainuki tena.

"Nawashukuru sana," akasema. "Lakini nataka kuja kuimba."

"Dada, utakuja vipi?" Mama Naetwe akadakia, machozi yako karibu. "Sakafu ile ilikuvunja mkono. Mara ya pili itakuvunja kiuno, tukuzike! Mimi sitaki kukuzika."

Hapo ndipo Mama Elinipa akaona njia zimebaki mbili tu. Aendelee kumficha rafiki yake ukweli, alale, afe pole pole na kila mtu akiwa na amani. Au aseme. Akavuta pumzi, akanyoosha mgongo kadiri ulivyokubali.

"Sakafu haikunivunja," akasema. "Nilipokaa pale chini nilikuwa mzima. Mkono huu ulivunjika mliponiinua."

Mzee wa kanisa akatazama viatu vyake. Mama Naetwe akaitazama mikono yake mwenyewe, hii na hii, kana kwamba imeletwa na mtu mwingine.

"Ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe."

Mama Naetwe akaangua kilio, akataka kutoka. Mama Elinipa akamwita kwa ukali ambao hajawahi kumwitia. "Keti! Ni wewe uliyenivunja, na ni wewe uliyenipikia uji mpaka nikapona. Vyote umevifanya kwa kunipenda. Na mimi nimekosa kama wewe, kwa maana nilijua nikakaa kimya. Nilikuonea huruma ya bure nikakuacha gizani, na sasa ukimya wangu umeniletea godoro."

Mzee wa kanisa akakohoa. "Sasa, mama, siku nyingine tukikuona uko chini, tufanye nini? Tukutazame tu?"

"Niulizeni," akasema. "Mdomo wangu haujavunjika."

Wakacheka, hata Mama Naetwe katikati ya kamasi. Na godoro je? Msidhani alilirudisha. "Liacheni," akawaambia, "usiku mgongo unaniuma. Ila mchana wa Jumapili lisinitafute."

Pasaka ikafika. Akaenda, akaketi kwenye kiti chake cha kwaya, akaimba sauti ya pili mpaka wale waliokuwa wanakosea wakapata pa kushika. Wakati wa meza ulipofika akapiga magoti na wenzake, mgongo wima, Mama Naetwe ubavuni pake. Wakala, wakanywa. Mchungaji akawaambia waende kwa amani, na wote waliokuwa mezani wakainuka kwa pamoja kama ilivyo desturi yetu. Mama Elinipa akabaki chini. Magoti yalikataa. Kanisa zima likaona.

Miguu ya watu ikaanza kuwasha. Mwanamume mmoja wa kiti cha mbele akanyanyuka nusu. Mikono ya Mama Naetwe ikaruka yenyewe, kwa mazoea ya maisha yake yote, na katikati ya njia akaikamata, mmoja ukamshika mwenzake. Hakuvuta. Akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona mezani pale: akapiga magoti tena. Akasogeza mdomo sikioni.

"Dada, nikufanyie nini?"

"Nipe bega," Mama Elinipa akasema. "Usinishike. Nikushike mimi."

Na wale wengine waliokuwa wameshasimama, walipomwona Mama Naetwe amerudi chini, mmoja mmoja nao wakarudi. Meza nzima ikapiga magoti upya, ikasubiri. Mama Elinipa akaweka mkono ule uliovunjika juu ya bega la aliyeuvunja, akakusanya goti la kwanza, akapumzika, akakusanya la pili, akasimama. Ndipo na wao wakasimama.

Washarika, sisi tunajua kuruka. Hilo hatuhitaji kufundishwa, na nalisifu. Msiba ukitokea tumeshafika, mtu akiugua tumeshafika. Lakini tukifika tunavuta! Mjane hajamaliza hata kumlilia mumewe, tunamwambia inatosha, jikaze, inuka. Mwenzetu anaumwa miaka yote, tunamnunulia godoro kabla hatujamuuliza kama ana usingizi. Hatupendi kuona mtu chini kwa sababu tunaona aibu sisi. Haraka ile ni ya nani, ya kwake au ya kwetu? Na mifupa ya watu haiandikwi usoni. Wapo humu ndani waliovunjwa mahali ambapo hamwezi kupaona, na aliyewavunja alikuwa anawapenda sana.

Na wewe uliye chini, nakusihi, usinyamaze. Ukimya wako si upole. Rafiki yako asipojua pa kushika atakushika pale pale penye ufa, kila siku, huku anakuombea. Mwambie. Mwambie hata akilia. Mama Elinipa hakupona mifupa yake. Sukari ipo, presha ipo, vidole vimekunjika vile vile. Lakini yuko kwenye kwaya. Alipewa jeraha na rafiki yake, na siku alipothubutu kusema akapewa na rafiki huyo huyo bega la kushika.

Sasa tunasogea mezani. Mtakuja, mtapiga magoti, na nitakapowaambia muende kwa amani mtainuka. Akiwepo atakayebaki chini, msimguse. Jirani yake arudi magotini amuulize. Sisi wengine tutasubiri, na nyama iliyoko jikoni kwenu itasubiri pia.

Karibuni.