Kampuni Tatu za Fisi

Kulitokea mwaka ambao mvua iliisahau nyika ya Mkavuni. Mabwawa yakageuka vumbi, maji yakabaki mto wa bondeni tu, mwendo wa kutwa kucha. Wazazi walioondoka na watoto wawili mgongoni walirudi na mmoja.

Fisi alipouona msiba ule, mate yalimdondoka. Akaitisha mkutano.

"Ndugu zangu," akasema kwa sauti ya matanga, "nitaunda gari la kuleta maji. Kila nyumba ilete akiba yake ya chakula kiwandani kwangu, mafundi wapate kula, wafanye kazi."

"Tutakuaminije?" akauliza Swala, ambaye mwanawe alikuwa hoi kwa kiu.

Fisi alikwisha kujipanga. Alimpa Simba cheo cha mwenyekiti wa kampuni, akamchora ubavuni mwa bodi tupu la gari. Simba hakuuliza injini iko wapi. Aliuliza kama manyoya ya shingo yametoka vizuri. Siku ya maonyesho Fisi alificha mzinga wa nyuki chini ya boneti, na gari likavuma.

"Sauti kama yangu!" Simba akasema, kifua mbele.

Wanyama wakapiga makofi. Jioni ile mtama, mihogo na nyama kavu vikamiminwa kiwandani. Swala alileta ghala lake zima.

Sasa, Fisi hakuwa mjinga wa kula mlangoni. Kiwanda alikiita Kampuni Mama. Ubavuni mwake alichimba pango, akaliita Kampuni Binti, na nyuma yake jingine, Kampuni Mjukuu. Chakula kiliingia kwa Mama, kikapita kwa Binti kwa jina la ushauri, kikaishia kwa Mjukuu kwa jina la utafiti. Na Mjukuu alitafiti usiku na mchana, mpaka tumbo likaburuzika chini.

Gari halikutoka. Swala akaenda kugonga kiwandani.

"Bwana Fisi, mwanangu anakufa. Nirudishie chakula changu, nipate nguvu ya kumfikisha mtoni."

"Pole sana, mama. Kampuni Mama imefilisika. Chakula chote kiko kwa Binti."

"Mwenye Binti ni nani?"

"Simjui hata kwa sura."

Swala akazunguka kwa Binti. Akatokea Fisi yuleyule, kavaa kofia, akamwelekeza kwa Mjukuu. Kwa Mjukuu akatokea Fisi mwenye miwani: "Mama, hapa hatujuani na hao wa mbele." Swala akaondoka analia. Fisi alivua miwani akacheka peke yake. Maisha yake yote hakuwahi kushiba hivyo bila kukimbizwa.

Swala akamwendea Simba. Simba akasema mwenyekiti haingii mapangoni. Basi akamwendea Sungura.

Sungura alisikiliza, akajikuna sikio. "Mdaiwa hapatikani, dada. Ila anayeitiwa zawadi huja mbio."

Asubuhi alifika kiwandani na wanyama wote, Simba mbele kwa cheo chake, wakiburuta mapaja matatu ya nyati aliyekufa kwa kiu. Akaweka moja kila mlango, akapaza sauti:

"Wahisani wa ng'ambo wamewaletea zawadi wenye kampuni hizi! Asiyejitokeza, paja lake ni la Tai!"

Harufu ikamfikia Fisi ndani. Akili ilimwambia, tulia. Tumbo likaijibu, wewe nani? Akachomoka.

"Mimi ndiye mwenye Mama!" Akaumanisha meno kwenye paja. Mara akamwona Tai akitua kwa Binti. "Acha! Binti ni yangu, nimeichimba kwa kucha zangu!" Akakimbilia huko. Tai akarukia kwa Mjukuu. "Na Mjukuu ni wangu! Zote ni zangu!"

Fisi, katikati ya milango, akayatazama macho yote yale, na masikio yakamlala.

"Umesikia, Mwenyekiti?" akauliza Sungura, na wanyama wakaangua kicheko.

Simba alinguruma, si kwa ajili ya wenye njaa, bali kwa kuchekwa hadharani. Fisi akatimua mbio, paja hata moja hakulichukua. Akavuka vilima, na Mkavuni hawakumwona tena.

Wanyama wakayafukua mapango. Kilichosalia hakikuwa kingi, lakini Swala alikula, akambeba mwanawe, akatembea mpaka mtoni. Mtoto akanywa, akasimama.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huyu alijichimbia tatu.