Nani Aliyeuokoa Moyo wa Edigna Kapinga?

Sogeeni, na mwenye neno la kukatiza alimeze kwanza, maana kesi hii imewashinda wenyewe, nami nimeileta kwenu.

Katika milima ya Mbinga aliishi mjane mmoja, Edigna Kapinga, mkulima wa kahawa, mwanamke asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima. Otilia, wa kwanza, alijaliwa sikio: aliongoza kwaya ya parokia, na mwimbaji mmoja akiteleza kidogo tu, alimjua. Wigbert, wa pili, alijaliwa jicho: alifanya kazi mjini, kwenye hospitali kubwa, kitengo cha kupiga picha za moyo. Fridolini, kitinda mimba, alijaliwa ulimi: watu waliokunjiana ngumi kilabuni waliachana wakicheka akishazungumza nao.

Mama aliwapenda wote, na wote walimchosha.

Alianza Otilia. Sikukuu ya Pasaka alimsikia mama, naye mwanakwaya, ambaye siku zote aliishikilia sauti ya mwisho hadi wengine wanyamaze, akiiachia mapema. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile.

"Mama, unavuta pumzi katikati ya mstari."

"Uzee, Otilia. Hata wewe utazeeka, Mungu akipenda."

"Huu si uzee."

"Basi nitoe kwenye kwaya, nipumzike na maneno yako!"

Otilia hakumtoa, alimpeleka hospitali ya wilaya. Daktari alimsikiliza kifuani, akasikiliza tena. Moyo ulikuwa na mvumo, sauti isiyo ya kawaida. Kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha kwamba vali moja, kilango cha damu ndani ya moyo, haifungi sawasawa: damu ikisukumwa mbele, nyingine inavuja kurudi nyuma.

"Unachoka ukitembea, mama?" daktari aliuliza.

"Sichoki."

"Basi kwa uvujaji huu wa wastani tutakuwa tunakuangalia. Rudi mwakani."

Edigna akamgeukia bintiye. "Umesikia? Mwakani!"

Akaja Wigbert. Alipotumiwa picha zile hakuridhika. Damu iliyovuja ilikuwa ikipita pembeni, ikiambaa na ukuta wa moyo, na uvujaji wa namna hiyo huweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo. Akamwita mama mjini, akamlaza kwenye mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili.

"Shikilia pumzi, mama. Achia. Shikilia tena."

"Umenitoa Mbinga kuja kuninyima hewa?"

Wigbert alikuwa akitazama skrini. Karibu nusu ya damu ilikuwa ikirudi kila moyo ulipopiga. Chumba cha moyo kilikuwa kimetanuka, na ndani ya nyama yake mlikuwa na mstari mweupe, mwembamba: kovu. Alitoka nje akaegemea ukuta kidogo, kwa sababu yule aliyelala mle ndani alikuwa mama yake.

Madaktari wa moyo waliziangalia picha wakakubaliana naye. Hatari ilikuwa kubwa. Wakisubiri mpaka aanze kuhema, huenda moyo ukawa umechoka kiasi cha kutotengenezeka, au ukasimama ghafla. Vali ilipaswa kurekebishwa mapema.

"Nipasuliwe kifua kwa ajili ya kimstari?" Edigna aliuliza. "Mimi siumwi!"

Akarudi kwake. Otilia alilia. Wigbert alipiga simu akaeleza, akapiga tena akaeleza yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mama akaizima simu.

Ndipo akaja Fridolini. Hakutaja moyo. Alichukua jembe, akaenda naye shambani, wakalima mpaka jua likawa kali.

"Mama, unaogopa nini?"

"Naogopa kelele zenu."

"Na kingine?"

Edigna alilisimamisha jembe. "Baba yenu aliingia chumba cha upasuaji akinitania. Akatoka amefunikwa shuka. Sikumuaga."

Hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza habari hiyo. Fridolini aliweka jembe chini.

"Basi wewe utatuaga," alisema. "Utasema yote uliyo nayo, ndipo uingie. Ukitoka, utatugombeza upya."

Mama alicheka bila kupenda. Kisha akakubali.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji aliwaaga mmoja mmoja. Hofu ilipombana, likamtoka neno analolijutia hadi leo: "Nikitoka hai, shamba langu la mtoni ni la aliyeniokoa."

Alitoka hai. Vali ilishonwa ikashika. Daktari mpasuaji aliwaambia watoto, "Mngemleta akiwa anahema, ningeshona vali nzuri kwenye moyo uliokwisha."

Mngedhani wangeshukuru wakatulia. Wapi! Kidonda cha mama hakijakauka, ugomvi ukaanza, tena uani kwake.

"Bila sikio langu," alisema Otilia, "nani angejua kuna tatizo?"

"Bila jicho langu," alisema Wigbert, "angeambiwa arudi mwakani, na mwakani asingefika."

"Bila ulimi wangu," alisema Fridolini, "mngekuwa na mvumo wenu na picha zenu, na mama kaburini."

Mama alipigapiga ukuta kwa kiganja. "Nyamazeni! Nani alipasuliwa kifua? Nani alipanda kile kitanda kwa miguu yake? Mbona mimi sitajwi?"

Otilia akasema taratibu, "Lakini mama, uliahidi."

Na wakaanza upya.

Edigna aliwatazama, watoto aliowazaa mwenyewe, wenye vipaji, wasio na haya. Akachukua ufunguo wa stoo ya majembe, akauchomeka kwenye kibwebwe chake, asiwepo wa kuligusa shamba kabla ya hukumu. "Sina nguvu ya kesi hii," alisema. "Ahadi ni ahadi, nitaitimiza. Lakini waamue watu wa nje, wasiokula kwangu."

Watu wa nje ndio nyinyi. Kuna aliyesikia, kuna aliyeona, kuna aliyeshawishi, na kuna aliyethubutu kulala chini ya kisu. Ukimtoa mmoja, Edigna hayupo. Shamba ni moja, na mama amekataa kabisa ligawanywe. Je, wewe ungempa nani?