Kidole cha Mkaguzi

"Dosari hulala chini ya kidole cha mkaguzi." Mmeusikia leo, vijana, nanyi mnauliza chanzo chake. Wahenga hawahusiki. Msemo huu ulizaliwa kiwandani, na ulizaliwa hivi.

Katika kiwanda cha vigae cha Mlimaudongo, mkaguzi mkuu alikuwa Bi Sikudhani. Kila kigae kilichotoka tanurini alikishika kwa pembe iliyo karibu naye, akakiinamisha chini ya taa, na jicho lake likanasa hata tundu dogo kama la sindano. Aliwafundisha wakaguzi wawili, nao wakashika kama yeye. Muhuri wake ulikuwa fahari ya mji. Alijivuna, na alistahili.

Asubuhi moja Fundi Chande, mjenzi, akatua boksi mlangoni. Kila kigae ndani yake kilikuwa na lengelenge kwenye pembe moja.

"Bi Sikudhani, hivi vimepitaje? Au siku hizi muhuri hujigonga wenyewe?"

"Umeviharibu kwa saruji yako."

"Saruji hukaa mgongoni mwa kigae, mama. Lengelenge liko usoni."

Meneja Kihwelo akasikia. "Shehena ya hospitali inaondoka leo. Vigae hivi vikijirudia huko, muhuri nitampa mwingine."

Sikudhani akachambua shehena upya. Safi. Wanafunzi wake wakarudia. Safi. Watatu walikubaliana, jambo ambalo watu hupenda kuliita ushahidi.

"Basi mimi ndiye mchawi," Chande akasema.

Sikudhani akachukua kigae kibovu cha Chande ili alinganishe, akakishika kwa mazoea. Lengelenge likatoweka. Akainua kidole gumba. Lilikuwa pale pale.



"Liko chini ya kidole changu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Na chini ya vya hawa, kwa kuwa niliwafunza mimi. Fungueni shehena! Shikeni pembe nyingine."

Malengelenge yakajitokeza boksi baada ya boksi. Tanurini wakakuta msumari uliochomoza, ukigusa pembe ile ile ya kila kigae, ile iliyomfikia mkaguzi kwanza. Shehena haikuondoka.

Sikudhani, kichwa juu, akamkabidhi Kihwelo muhuri. Kihwelo akaurudisha.

"Nitakayempa naye ana kidole," akasema, "ila yeye hajui."

Tangu hapo, Mlimaudongo kigae hugeuzwa kikashikwa pembe nyingine kabla ya kugongwa muhuri, na wajenzi hununua vigae vya muhuri ule wakiwa wamefumba macho. Nanyi mtakapokagua kazi yenu mkaiona safi, kumbukeni: dosari hulala chini ya kidole cha mkaguzi.