Wa Kumi Katika Ukungu

"Nyumba iliyojaa haiitiki hodi."

Bi. Nashesha, mtunza maabara wa shule ya wasichana iliyoko milimani, alimwambia hivyo msichana aliyekuwa akilalamika kwamba wenzake wa bwenini wamemtenga. Msichana huyo na wengine walikuwa wamekuja kumsaidia mama huyo kuosha chupa za maabara. Walipomwuliza ni nyumba gani hiyo isiyoitika, mama yule aliweka brashi chini. Methali hiyo, alisema, ilizaliwa kwenye uwanja ule ule unaoonekana dirishani, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Palikuwa na mwalimu wa kemia, Elinami Shekiondo, mtu wa maneno machache. Kidato cha tatu cha sayansi mwaka ule kilikuwa na wasichana kumi. Likizo ya Juni ilipokwisha, walirudi tisa. Wa kumi, Hilaria Mbelwa, alishikwa na homa ya uti wa mgongo huko kwao, akazikwa kabla barua haijafika shuleni. Siku ya kwanza ya muhula mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akalipiga jina lile mstari mwekundu, akaendelea na lililofuata. Hakusema neno.

Wiki ya pili walifika kwenye mpangilio wa elektroni, na darasa zima halikuelewa. Basi alasiri, saa tisa, akawatoa uwanjani. Aliweka jiwe liwe kiini cha atomu. Karibu na jiwe akachora kwa majivu chumba kimoja, na nje yake vinne: kimoja peke yake, na vitatu vilivyo sawa.

"Ninyi ndio elektroni," akawaambia. "Vyumba hivi ndivyo obitali. Chumba hakipokei zaidi ya wawili, na hao wawili lazima wapeane migongo. Cha karibu na kiini hujazwa kwanza. Mkifika kwenye hivi vitatu, kila mmoja achukue chake. Hakuna kubanana wakati chumba kitupu kipo."

Wakaingia wawili, wakaingia wawili, kisha mmoja mmoja, kisha wakaanza kupeana migongo. Aliyebaki peke yake katika chumba cha mwisho alikuwa Zawia, rafiki wa Hilaria.

"Hii ni florini," mwalimu akasema. "Imepungukiwa na mmoja, kwa hiyo haitulii. Humvuta yeyote apitaye karibu. Ikimpata wa kumi, mpangilio wake huwa kama wa neoni, ile gesi isiyotaka kitu kwa mtu."

Hapo ukungu ukapanda kutoka bondeni. Milima ile imezoea ukungu, lakini ule ulikuja mzito na kimya, hata mwalimu hakuviona viatu vyake.

"Msisogee, utapita. Hebu hesabuni."

"Moja," ikasema sauti. "Mbili." Zikaendelea mpaka nane, mpaka tisa. Kisha, baada ya kimya kidogo:

"Kumi."

Sauti ile aliijua. Haikuwa ya yeyote kati ya wale tisa.

"Nani anafanya mzaha? Zawia!"

Akawaita mmoja mmoja kwa majina. Hakuna aliyeitika. "Hodi!" akajikuta anasema, kama mtu aliye mlangoni pa watu. "Hodi, jamani!"

Akaingia akipapasa. Aliwakuta wamesimama wima, macho wazi, wakipumua taratibu. Nyuso zao zilikuwa zimeridhika, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Aliwavuta waliokuwa karibu na jiwe; ilikuwa kama kung'oa nguzo. Akakumbuka kwamba walio karibu na kiini hushikwa sana, na walio nje ndio huachia upesi. Akaenda chumba cha mwisho.

Migongo miwili ilikuwa imeegemeana. Sweta zile zile, vichwa vile vile vilivyonyolewa, nyuso zimeinamia ukunguni. Alinyoosha mkono, akausimamisha. Ni yupi? Na akimtoa aliye hai, atakuwa amemwacha nani peke yake?

"Hilaria," akasema. Tangu msiba hakuwa amelitamka jina lile. "Mwanangu, nilikufuta kwa kalamu kama kosa la hesabu. Sikuwapa pole wenzako, wala sikukuombea. Nisamehe. Tutakuombea. Mwachie Zawia."

Ukungu haukusogea. Kisha sauti ikasema kwa upole, karibu kabisa:

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," mwalimu akajibu.

Mara Zawia akaanguka chali, kama mtu aliyeondolewa ukuta aliouegemea. Ukungu ukaanza kupasuka. Wengine wakafikicha macho wakiuliza kama kipindi kimekwisha. Mwalimu akahesabu mara tatu: tisa.

Zawia alikuwa akilia. "Ungetuacha kidogo tu, Mwalimu. Hatukuwa tukikosa kitu."

"Niliwaita sana. Hukunisikia?"

"Nilikusikia," msichana akasema. "Sikuona tu kwa nini niitike."

Bi. Nashesha akaokota brashi yake. "Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na methali hiyo ni yake," alimwambia yule aliyelalamika. "Wenzako hawakuchukii, binti yangu. Wala usikeshe mlangoni pao. Kuna aliyesimama peke yake mahali, mgongo wazi. Huyo ukimbishia hodi ataitika. Lakini nyumba iliyojaa haiitiki hodi."