Kidonda na Uso

Mtu mmoja alikuwa na karakana ya majiko ya mkaa. Nyuma waligonga bati mafundi watatu. Mbele, mlangoni, alimweka Zawena apokee malalamiko ya wateja. Kila lalamiko liliandikwa kwenye ukurasa wake, na ukurasa ukapelekwa nyuma, kwa kuwa mafundi hawakuonana na wateja.

Zawena aliogopa kuacha neno. Aliamini kwamba neno moja likidondoka, mtu ataungua kwa sababu yake.

Siku moja akaja Bi Havijawa wa mtaa wa pili. Jiko lake jipya lilikuwa limepinduka alipokuwa akisonga ugali, sufuria ikaanguka shibiri moja tu kutoka kwa mtoto wake anayetambaa. Akaeleza yote: kwamba miguu ya jiko imekaribiana mno, na kwamba asubuhi ile mumewe alifungasha nguo zake akaondoka, naye alikuwa akisonga huku analia. Zawena akaandika yote, jina na mtaa, mume na machozi. Hakuruka hata nukta.

Kule nyuma, fundi mkubwa akausoma ukurasa kwa sauti. "Jamani, sisi tunaunda majiko, hatuundi ndoa!" Wakacheka mpaka wakaweka nyundo chini. Kilichobaki vichwani mwao ni mume aliyeondoka. Miguu ya majiko haikuguswa. Kicheko kikatoka na wauza mkaa waliokuwa wamepita hapo, kikaingia mtaani.

Wiki iliyofuata Bi Havijawa alirudi, amefuatana na jirani yake. Mkono wa jirani ulikuwa umefungwa kitambaa hadi kiwiko. Jiko lake nalo lilipinduka, siku nne zilizopita, lakini aliona afadhali anyamaze kuliko habari za nyumba yake zisomwe.

"Mdogo wangu," akasema Bi Havijawa, "nilikuletea kidonda kitibiwe. Mbona umekitembeza pamoja na uso wangu?"

Zawena alichukua ukurasa mpya, akaandika mstari mmoja: Miguu imekaribiana, ugali ukisongwa, jiko linapinduka. Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi mkubwa aliusoma mara mbili, akainama kutafuta futi yake ya kupimia.

Nanyi mnaokabidhiwa vilio vya watu ili mvifikishe kwa wenye dawa: mkigeuka kutoka mlangoni, mikononi mmebeba nini?