Aliyekosewa Ndiye Aliyekimbia

Sikilizeni, ninyi mlioitwa kulinena Neno na ninyi mlioitwa kulisikia.

Katika chuo kimoja cha theolojia, milimani Upare, wachungaji watatu walisomea shahada ya uzamivu katika mahubiri. Mbazi alijaliwa kuyachimba maandiko katika Kiebrania. Nakadori alijaliwa sikio: watu walimweleza wasiyowaeleza hata wenzi wao. Eliamani alijaliwa kinywa. Chuo kilihitaji mwalimu mmoja tu wa mahubiri, atakayefunza wahubiri wa kizazi kizima. Mtihani ulikuwa hubiri moja, waliandae pamoja kwa juma moja na kulitoa mbele ya usharika. Kura iliangukia andiko la Yakobo akimrudia Esau, ndugu ambaye yeye Yakobo alimdhulumu.

Mbazi alijifungia siku sita. Aliandika kurasa arobaini, akazifuta zote, akabakiza sentensi moja: "Mkosaji alikuja akichechemea, aliyekosewa ndiye aliyekimbia kumlaki."

"Siku sita kwa sentensi moja?" Eliamani akamtania. "Mchungaji, ungekuwa fundi cherehani tungevaa vifungo tu."

"Ihubiri kwanza, ndipo unicheke."

Nakadori hakufungua kitabu. Alikwenda usharikani, akachambua maharage na akina mama, akasikia habari za Mzee Sefania na mdogo wake, Kirumbe. Kirumbe aliugeuza mfereji wa maji, shamba la kaka yake likakauka. Wazee wa kanisa wakawazuia wote wawili wasiikaribie Meza ya Bwana hadi wapatane. Ikapita miaka kumi na tisa.

"Msiwataje," Nakadori aliwasihi wenzake, "wala msikemee. Wamekemewa vya kutosha."

Jumapili ya Meza ya Bwana, Eliamani alipanda mimbarani. Watahini walikaa mbele, kalamu mkononi. Alipoitamka sentensi ya Mbazi, aliona Mzee Sefania akiikamata fimbo yake kama atakaye kusimama. Zilibaki kurasa tano alizoziandika kuieleza sentensi ile, na hubiri lisilo na hitimisho hupoteza alama. Akazikunja, akanyamaza.

Kicho cha Bwana kikatushukia sote tuliokuwa kanisani, nami nikiwemo. Kisha mzee akainuka, akamwendea mdogo wake. Miguu ya miaka themanini haikimbii, lakini nilichokiona sina neno jingine la kukiita.

"Kirumbe, simama twende mezani."

"Kaka, ni mimi niliyekukaushia shamba."

"Najua. Simama."

Alasiri watahini walibishana. Wa kwanza alimtaka Mbazi: pasipo ukweli ule, kimya kingekuwa kimya tu. Wa pili alimtaka Nakadori: pasipo yeye, wazee wale wangekemewa tena na kuondoka. Wa tatu alimtaka Eliamani, aliyeikunja sifa yake mwenyewe ili Mungu apate nafasi.

Mkuu wa chuo alisema, "Aliyeugeuza moyo ule ni Roho, na utukufu si wa mtahiniwa yeyote. Hata hivyo nafasi ni moja, na wanafunzi wanawasili kesho."

Basi pimeni kwa hofu na kwa huruma, maana mnakichagulia kizazi mtu wa kukifundisha kunena mbele za Mungu: ninyi mngemkabidhi nani darasa lile?