Tunutu wa Ruaruke

Udongo uwahi ungali maji. Wazee walinena hivyo kwa kuwa udongo uliokauka haufinyangiki, na jambo likishakomaa halina wa kulirudisha. Asiyeamini na amsikilize Bashiru wa Ruaruke.

Ulikuwa wakati wa vita vya Maji Maji. Askari wa Wajerumani walikwisha kuchoma maghala, na wanaume wengi hawakurudi, mume wa Mwamini akiwa mmoja wao. Mwamini aliachiwa watoto na konde la mpunga kando ya kijito. Ng'ambo alilima Bashiru, mdogo wa mumewe.

Nzige walipita, wakalala mchangani usiku mmoja, wakaenda zao. Watu wakamshukuru Mungu. Baada ya majuma machache mchanga ule ukaanza kutembea. Walikuwa tunutu, watoto wa nzige, weusi, wengi hata ardhi haikuonekana. Mwamini aliwatazama akasahau hata kuogopa.

"Shemeji, tuchimbe handaki," alisema. "Bado hawana mabawa. Tuwaswage humo, tuwafukie."

Bashiru, aliyekondeshwa na njaa akawa kama ufito, alicheka. "Unafukia kitoweo? Waache wanone, tutawakaanga."

"Wataota mabawa."

"Na mimi nina tenga."

Mwamini aliwaita wanawake wenzake, wakachimba upande wake, wakawaswaga tunutu kwa makuti hadi handakini, wakawafukia. Viganja vilichubuka. Hakuna aliyeimba, kwa kuwahofia askari.

Ng'ambo, tunutu wa Bashiru walinona kweli, maana walikula mpunga wake. Asubuhi moja alifika na tenga lake, akakuta wameota mabawa. Waliinuka wote pamoja. Jua lilififia, na mvumo wao ukawa kama mto uliofurika. Bashiru aliduwaa. Hata Mwamini, aliyewachukia, alishikwa na uzuri wao.

"Subhanallah," alinong'ona.

Upepo uliwachukua kuelekea baharini. Konde la Bashiru lilibaki mabua.

Jioni alivuka kijito na tenga lake, nzige wachache wakiwa ndani yake.

"Kitoweo nimeleta, shemeji," alisema bila kuinua macho. "Wali ndio sina."

Mwamini aliwatazama watoto wake, kisha mpunga wake ulioiva, ambao haukuwa mwingi. Akampa kisu cha kuvunia.

"Kesho tunavuna kwangu. Uwahi."

Bashiru alifika kabla ya jua kuchomoza, kwani sasa alikwisha kujua: udongo uwahi ungali maji.